Mwimbishaji na Huduma ya Neno: Uhakiki wa Kazi ya Franz Rietzsch Unyakyusa

Utangulizi

Katika sharika zetu za Tukuyu na wilaya yote ya Rungwe, kama ilivyo katika Kanisa la Tanzania kwa jumla, ni nadra kukuta ibada ya Jumapili isiyokuwa na mtu anayesimama mbele ya waimbaji na kuwaongoza kwa mkono. Waumini humwita mwalimu wa kwaya. Mara nyingi hana mshahara, hana barua ya wito, wala hakuwekwa wakfu kwa sala ya usharika. Hata hivyo maneno anayoyachagua huimbwa shambani na njiani wiki nzima, wakati hubiri la mchungaji limekwisha kusahauliwa. Jambo hili peke yake lingetosha kutufanya tuulize mtu huyu ni nani katika Kanisa, na anawajibika kwa nani.

Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo kwa kuichunguza kazi ya mtu mmoja aliyeongoza uimbaji katika nchi ya Wanyakyusa, yaani Franz Ferdinand Rietzsch (1902–1978), mmisionari wa Kimoraviani kutoka Ujerumani aliyefanya kazi kusini-magharibi mwa Tanganyika katika miaka ya 1930. Jina lake lilikuwa karibu limesahaulika hadi mwanahistoria wa muziki Anna Maria Busse Berger alipoliandikia, hasa katika kitabu chake kilichochapishwa Chicago mwaka 2020, kinachoeleza jinsi wataalamu, waimbaji na wamisionari walivyoutafuta muziki wa zama za kati Afrika na Ujerumani. Wasomaji wa kitabu hicho ni wanamuziki zaidi kuliko wanatheolojia. Sisi hatuna budi kuuliza swali la kitheolojia ambalo si kazi yake kulijibu: je, Rietzsch alikuwa mwimbishaji wa namna gani, na kazi yake inatufundisha nini?

Mwimbishaji katika Maandiko na katika Matengenezo

Zaburi 55 zina maelekezo yanayotangulia maneno yenyewe, nayo Biblia yetu ya Kiswahili huyatafsiri kuwa ni “kwa mwimbishaji”. Neno hili ni zuri kuliko yote tuliyo nayo. Mwimbaji huimba yeye mwenyewe, lakini mwimbishaji huwafanya wengine waimbe. Thamani ya kazi yake haipimwi kwa sauti yake, bali kwa sauti za wale walio mbele yake.

Maandiko yanasema mambo mawili juu ya mtu huyu. Kwanza, lazima awe na ujuzi. Kenania, mkuu wa Walawi, alipewa kuongoza nyimbo kwa sababu alikuwa stadi (1 Nya. 15:22), na waimbaji wa hekalu waliofundishwa kazi hiyo walikuwa 288 (1 Nya. 25:7). Pili, kazi yake ni ya kinabii. Wana wa Asafu, Hemani na Yeduthuni walitengwa ili watabiri kwa vinubi, vinanda na matoazi (1 Nya. 25:1). Wimbo wao haukuwa pambo la kujaza nafasi kati ya sala na dhabihu, bali ulikuwa njia ya Neno la Mungu kuwafikia watu. Mtume Paulo anashika njia hiyo hiyo anapowaagiza Wakolosai wafundishane na kuonyana kwa zaburi, tenzi na nyimbo (Kol. 3:16).

Matengenezo ya Kanisa yaliyachukua mafundisho haya na kuyapa umbo la kazi. Mwaka 1524 Johann Walter alitoa huko Wittenberg kitabu cha nyimbo za sauti nyingi, Luther akakiandikia dibaji. Baadaye Walter akawa kantori huko Torgau. Kantori wa Kilutheri alikuwa mwalimu wa shule, mwalimu wa kwaya na mtumishi wa ibada kwa wakati mmoja. Johann Sebastian Bach alipochaguliwa kuwa kantori wa Leipzig mwaka 1723, ufundi wake wa kinanda haukutosha kumpatia kazi. Ilimpasa kwanza ahojiwe na wanatheolojia na kutia sahihi kuyakubali maungamo ya Kilutheri. Kanisa lilielewa kwamba anayeweka maneno katika vinywa vya watu anafundisha, na anayefundisha lazima ajulikane anaamini nini.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1835, mji huo huo wa Leipzig ulimpokea Felix Mendelssohn kuwa kiongozi wa okestra ya Gewandhaus. Naye alikuwa Mprotestanti, lakini kazi aliyoishika ilikuwa nyingine. Mahali pake palikuwa ukumbi ambao watu waliulipia kiti ili wasikilize. Ndipo ilipozidi kuimarika kazi tunayoijua leo ya kiongozi wa okestra, mtu ambaye sifa yake yaweza kumchukua kutoka mji hadi mji. Hatusemi kwamba kazi hiyo ni mbaya, kwa maana muziki ni karama ya Muumba hata nje ya kanisa. Tunasema tu kwamba ni kazi tofauti. Kantori ana usharika, na kiongozi wa okestra ana wasikilizaji. Mwalimu wa kwaya wa siku zetu, mwenye sare mpya, vyombo vya umeme na mashindano ya kila mwaka, yuko katikati ya njia hizo mbili, na mara nyingi hajui ni ipi aliyoitiwa.

Rietzsch na mizigo yake miwili

Rietzsch alikuja Tanganyika akiwa na mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ulikuwa harakati ya uimbaji iliyoenea miongoni mwa vijana wa Kijerumani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikiongozwa na watu kama Fritz Jöde na Walther Hensel. Vijana hao waliuchoka ukumbi wa maonyesho, ambamo mmoja huinua fimbo, wachache hupiga vyombo, na wengi hukaa kimya. Jöde alikusanya makundi ya watu wa kawaida na kuwaimbisha wote, asiwepo msikilizaji hata mmoja. Nyimbo walizozipenda hazikuwa zile za karne ya 19, bali za zamani zaidi, yaani za zama za kati, za Matengenezo na za Heinrich Schütz.

Mzigo wa pili ulikuwa elimu. Rietzsch alifuata mafundisho ya Erich von Hornbostel, aliyeongoza hazina ya sauti zilizorekodiwa huko Berlin, na ambaye tangu mwaka 1909 alikwisha kuandika juu ya nyimbo za Wanyamwezi. Katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1928, Hornbostel alisema kwamba muziki wa Kiafrika na ule wa Kizungu umejengwa juu ya kanuni mbili tofauti kabisa, kwa hiyo hauwezi kuunganishwa. Mtu achague mmoja au mwingine. Kwa wamisionari waliokuwa wakichapisha tenzi za Kizungu kwa maneno ya Kiafrika, hukumu hiyo ilikuwa nzito.

Katika nchi ya Rungwe, wakati Rietzsch anafanya kazi, tenzi hizo zilikuwa zimeimbwa kwa miaka 40 hivi. Wamoraviani walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, na katika mwaka huo huo Walutheri wa Misioni ya Berlin walianza kazi yao kusini mwa nchi hiyo. Miaka ya 1930 ilikuwa pia miaka ya utafiti. Kuanzia 1934 hadi 1938 Godfrey na Monica Wilson walikuwa wakichunguza maisha ya Wanyakyusa, zikiwamo desturi za mazishi na ngoma zake. Rietzsch kwa upande wake alizichunguza sauti. Alisikiliza jinsi watu walivyozipanga, jinsi walivyoziunganisha, na jinsi tenzi walizofundishwa zilivyobadilika vinywani mwao. Wengi waliomtangulia walikuwa wameyahesabu mabadiliko hayo kuwa ni kukosea. Yeye alitambua kwamba palikuwa na utaratibu mwingine, wenye sheria zake. Hakuwa wa kwanza kuheshimu hivyo nyimbo za wenyeji. Kabla yake, Traugott Bachmann, Mmoraviani aliyefanya kazi kwa Wanyiha huko Mbozi, alikwisha kuigeuza nia yake kuhusu ngoma na kuwahimiza Wakristo watumie nyimbo za kwao. Lakini Rietzsch aliongeza ujuzi wa sikio ambao Bachmann hakuwa nao.

Hata hivyo hitimisho lake linashangaza. Alisadiki kwamba muziki wa Wanyakyusa una undugu na ule wa Ulaya ya kale. Kwa hiyo, badala ya tenzi za karne ya 18 na ya 19, aliona inafaa Wanyakyusa waimbe nyimbo za Kijerumani za zama za kati na za Matengenezo. Basi mtu aliyesikia vizuri kuliko wenzake kwamba wimbo wa kigeni hauwakai watu, akawaletea wimbo mwingine wa kigeni ulio mkongwe zaidi.

Uhakiki wa hoja yake

Tuanze na lile linaloweza kutetewa. Kinyakyusa, tofauti na lugha nyingi za jirani, hakitofautishi maana ya maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Kwa hiyo lawama ya kawaida kwamba ghani ya Kizungu hugeuza maana ya maneno haina nguvu hapa kama ilivyo kwingineko. Tatizo la Kinyakyusa, kama la Kiswahili, liko kwenye mkazo, ambao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tenzi nyingi za Kizungu hufunga mstari kwa pigo zito juu ya silabi ya mwisho. Tukiimba jina la Bwana katika ghani ya namna hiyo, uzito huangukia “na” wala si “Bwa”. Waimbaji wetu wamezoea kasoro hii hata hawaisikii, lakini mtoto anayejifunza wimbo huisikia.

Ghani za karne ya 16 katika umbo lake la asili zina mapigo yasiyofungwa sana, kwa hiyo humwachia mwimbishaji nafasi ya kuufuata mkazo wa lugha. Hata hivyo hazikuliondoa tatizo lote. Wimbo wa Luther juu ya Mungu aliye ngome hufunga mstari wa kwanza kwa silabi nzito, na wa pili kwa silabi nyepesi. Mfasiri wa Kibantu hufurahi katika mstari wa pili na kutaabika katika wa kwanza. Twaweza kukubali, basi, kwamba Rietzsch alichagua nyimbo za kigeni zilizo afadhali. Lakini tuna hoja mbili dhidi yake.

Hoja ya kwanza ni juu ya historia. Kusema kwamba wimbo wa Mnyakyusa wa mwaka 1935 unafanana na wimbo wa Mjerumani wa mwaka 1400 ni jambo la kuchunguzwa na wenye ujuzi wa sauti. Lakini kumwambia Mnyakyusa kwamba kwa sababu hiyo wimbo wa Mjerumani wa kale ndio wake, ni kumfanya aishi katika jana ya mtu mwingine. Mnyakyusa alikuwa na jana yake, yenye mababu zake, vita vyake na vilio vyake. Neno alifanyika mwili katika watu wenye historia yao wenyewe, na kila taifa huitwa likiwa na historia yake. Upendo wa Rietzsch kwa muziki wa Kinyakyusa ulichanganyika na hamu ya kijana wa Kijerumani aliyeipoteza Ulaya ya zamani na kutumaini kuikuta Afrika. Anayekitafuta cha kwake katika nyumba ya mwenzake huenda asikione kilicho cha mwenye nyumba.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni juu ya mamlaka. Ni nani aliyeamua? Wapo leo wanaosema kwamba kosa lilikuwa kuleta nyimbo za kigeni, na kwamba angaliwaamuru Wakristo waimbe ghani za ngoma zao, yote yangalikuwa sawa. Sisi hatukubaliani nao. Mkristo wa Kinyakyusa aliyejitenga na ngoma ya msiba kwa ajili ya ubatizo wake alijua wimbo ule ulifungamana na nini. Alijua ni mizimu gani iliyoitwa, na ni ushujaa gani uliosifiwa. Alipokataa kuuleta kanisani hakuwa mjinga aliyedanganywa na Wazungu. Alikuwa akitoa hukumu ya kitheolojia ndani ya maisha yake mwenyewe. Hukumu hiyo yaweza kubadilika kizazi kingine kinapokuja, kama kweli ilivyobadilika, lakini yeyote anayeitangua kutoka nje, hata kwa jina la kuuheshimu utamaduni, anarudia kosa lile lile la kuamua kwa niaba ya wengine. Hapo harakati ya uimbaji iliyomlea ingalimsaidia Rietzsch kama angaliifuata hadi mwisho. Ilifundisha kwamba asiwepo msikilizaji, wote waimbe. Ilibaki hatua moja, kwamba wote pia wachague.

Hatua hiyo ilifanyika mahali pengine. Katika miaka ya 1960 Howard Olson, Mlutheri kutoka Marekani aliyefundisha Makumira, aliwaomba wanafunzi wake walete ghani za makwao na kuzitungia au kuzikubalia maneno ya Injili. Kutokana na kazi hiyo kilipatikana kitabu *Tumshangilieni Mungu*. Olson alikuwa mgeni kama Rietzsch, na sikio lake lilikuwa la kigeni pia. Tofauti ni kwamba wanafunzi wa theolojia, watoto wa makabila yenyewe, ndio waliopima ni ghani ipi inayoweza kubeba jina la Kristo na ipi isiyoweza. Mwimbishaji aliwaimbisha, nao wakachagua.

Fundisho kutoka Kinshasa

Mtu aweza kujibu kwamba shida yote itakwisha pindi kiongozi atakapokuwa mwenyeji. Jibu hilo halitoshi, na mfano wa jirani zetu wa Kongo unaonyesha hivyo. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, aliyewahi kuwa rubani wa ndege, alianzisha okestra katika Kanisa la Kimbangu huko Kinshasa. Yeye mwenyewe hakupitia chuo cha muziki. Waimbaji na wapigaji wake walikuwa waumini wa kawaida, vyombo havikuwatosha, ikawabidi wapokezane fidla. Uzi ulipokatika walitumia waya wa breki ya baiskeli. Filamu ya Kijerumani ya mwaka 2010 iliwaonyesha wakijiandaa kupiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven, na dunia ikastaajabu kwa haki.

Hapa hakuna mgeni aliyewachagulia. Waafrika wenyewe walimchagua Beethoven, nao wakaivunja hukumu ya Hornbostel kwamba njia mbili haziwezi kukutana ndani ya mtu mmoja. Wanaodhani kwamba Mwafrika halisi ni yule tu apigaye ngoma ya babu yake yawapasa waitazame okestra hiyo. Nidhamu yao, na jinsi kanisa lao linavyouheshimu muziki kuwa utumishi, vinatutia haya sisi tulio na vyuo na dayosisi.

Lakini msomaji wa Kilutheri hawezi kuishia hapo. Kanisa hilo lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1969, na mwaka 2021 uanachama wake ulikomeshwa kwa sababu ya mafundisho juu ya Utatu, hasa imani kwamba Simon Kimbangu ni Roho Mtakatifu aliyefanyika mwili. Hatulisemi hili ili kuwahukumu wapigaji wa fidla. Tunalisema kwa sababu linaonyesha wazi kwamba uzuri wa sauti haulindi ukweli wa Neno. Okestra yaweza kupatana katika kila nota, nayo imani ikapotoka. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa muziki mkubwa namna hiyo, je, kwaya zetu zinazoimba kwamba aliye na imani hatakuwa maskini wala mgonjwa, ni nani anayezipima?

Yatupasayo

Kutokana na hayo yote, mambo matatu yanatupasa.

La kwanza, Kanisa limtambue mwimbishaji kuwa ni mtumishi wa Neno. Ungamo la Augsburg, ibara ya 14, linasema kwamba asifundishe hadharani asiyeitwa kwa utaratibu. Tumezoea kuisoma ibara hiyo kwa habari ya mimbara na Sakramenti tu. Lakini ikiwa Paulo anahesabu kuimba kuwa ni kufundishana, basi anayeuongoza uimbaji wa ibada anafundisha hadharani. Hatudai abarikiwe kama mchungaji. Tunadai aitwe na baraza la wazee, afundishwe imani anayoiimbisha, na aombewe mbele ya usharika.

La pili, sisi wachungaji tuache kumtendea kama fundi wa kukodiwa. Wengi wetu humpa mwalimu wa kwaya somo la Jumapili jioni ya Jumamosi, au tusimpe kabisa, kisha tukalalamika kwamba nyimbo hazikupatana na mahubiri. Vyuo vyetu vinafundisha Kigiriki kwa saa nyingi na muziki kwa saa chache. Mchungaji asiyeweza kuutambua mkazo wa neno unapovunjwa na ghani hataweza kumsaidia mwimbishaji, wala hataweza kumkosoa kwa haki.

La tatu, tuulinde uhuru wa usharika. Ungamo hilo hilo, ibara ya 7, linatufundisha kwamba umoja wa Kanisa hautaki desturi za namna moja kila mahali. Usharika wa Manow waweza kuimba wimbo wa Luther, ghani ya Kinyakyusa na matarumbeta waliyotuachia wamisionari, mradi umechagua wenyewe, chini ya Neno, pamoja na mwimbishaji wake. Rietzsch alikuwa na sikio ambalo wengi wetu hatuna, na kwa hilo anastahili kusomwa na kushukuriwa. Alichokosa ni kuwangojea wale aliowaimbisha waseme wanaloliona wao. Kungojea huko si udhaifu wa kiongozi, bali ni sehemu ya wito wake.